Hatua za usawazishaji: kwa nini sheria iliyo sawa kwa wote haijatosha Lamu na Malindi

Kila orodha ya walioajiriwa na kaunti inapotoka, mazungumzo ya barazani Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, hurudi kwenye hoja moja: kazi apewe anayestahili, asiulizwe kabila, jinsia wala kisiwa alikotoka. Malindi hoja hiyo husikika zaidi wakati wa zabuni, pale mfanyabiashara mwenye ghala na lori anapoambiwa kuwa kazi ya kupeleka madawati shuleni imetengewa vijana ambao hata karakana hawana. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, kwa maana Katiba yenyewe inayaunga mkono kwa nusu. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinaanza kwa kutamka kwamba kila mtu yuko sawa mbele ya sheria, kisha kinaikataza Serikali kumbagua mtu kwa sababu ya rangi, jinsia, ndoa, kabila, dini, umri, ulemavu, mavazi, lugha au kuzaliwa kwake. Lakini kifungu hicho hicho, katika ibara yake ya sita, kinaiagiza Serikali itunge sheria na kuchukua hatua za usawazishaji ili kurekebisha hasara iliyowapata watu au makundi kutokana na ubaguzi uliopita. Msomaji wa haraka huona kwamba ibara moja inakataza kupendelea na nyingine inaagiza kupendelea, akauliza ipi ifuatwe.

Jibu langu ni kwamba zote mbili zinafuatwa, na kwamba hoja ya kutetea usawazishaji ni imara kuliko wengi wa watetezi wake wanavyoieleza. Wao huieleza kama huruma kwa wanyonge. Nguvu yake hasa inatokana na historia ya kanuni zenyewe: nyingi ya zile zilizoonekana kuwatendea watu wote sawa ziligawa nafasi kwa namna isiyo sawa, na anayetaka zibaki hivyo leo, hata bila nia mbaya, anataka mgao ule wa zamani uendelee.

Kabla ya kuingia huko, mambo matatu yatenganishwe, kwa kuwa barazani huchanganywa. La kwanza ni msaada, ambao mtoaji hutoa akipenda na huacha akichoka. La pili ni fidia, ambayo hulipa hasara inayojulikana kwa mtu anayejulikana. Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa maeneo yao ya kuvua na ujenzi wa bandari mpya, hiyo ilikuwa fidia, na mvuvi hakuhitaji kuthibitisha kwamba yeye ni maskini au ni wa jamii ndogo, ilimtosha kuonyesha kwamba alikuwa mvuvi na bahari yake imeguswa. Usawazishaji ni jambo la tatu. Haulipi yaliyopita, unabadilisha masharti ya kuingia shuleni, kazini, bungeni au kwenye zabuni, ili kizuizi kinachojulikana kisiendelee kuwazuia wale wale. Ndiyo maana Katiba, katika ibara ya saba ya kifungu hicho, inataka manufaa yoyote ya hatua hizi yatolewe kwa kuangalia haja ya kweli. Sharti hilo husahaulika, nami nitalirudia, kwa sababu ndipo sera hii inapopatia au kukosea.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo mama wa mengine yote hapa kwetu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa Pwani. Ukiyasoma masharti yake peke yake, hayakumtukuza mtu wala kumdhalilisha: kila mwenye madai ayapeleke kwa msajili, alete ushahidi, apewe hati, na ardhi isiyothibitishwa kuwa ya mtu ihesabiwe kuwa ya Serikali ya Mfalme. Tatizo lilikuwa kwamba sheria ile iliitambua milki ya mtu mmoja mmoja, yenye mipaka na maandishi, wakati jamii za Mijikenda zilishika ardhi kwa ukoo na mbari, na shahidi wao alikuwa mzee anayejua mkorosho upi ulipandwa na nani. Waliokuwa na karatasi, wengi wao wakiwa familia za Kiarabu na za Kiswahili za mijini, walipata hati. Waliokuwa wakilima bila karatasi waligeuka maskwota katika ardhi yenye makaburi ya babu zao. Upinzani wa Wagiriama uliochochewa na Mekatilili wa Menza ulipokolea, Waingereza waliilipua Kaya Fungo mwaka 1914 na kuwalazimisha watu wahame kutoka kaskazini ya Mto Sabaki. Mjukuu wa mtu yule leo akienda benki mjini Malindi kuomba mkopo, karani atamwomba hati kama amwombavyo kila mteja, bila kumbagua hata kidogo. Kanuni ni moja kwa wote, na matokeo yake yalikwisha kuamuliwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Baada ya uhuru mtindo ulibadilika, mantiki haikubadilika sana. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, ulioeleza ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi, ulishauri fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo, kwa matumaini kwamba faida itakayopatikana huko itawafikia wengine baadaye. Kwa mhasibu, ushauri huo una akili. Kwa Lamu, ambayo wakati huo ilikuwa ingali ikipigwa na vita vya shifta vilivyowafukuza Wabajuni wengi kutoka vijiji vya bara wakakimbilia visiwani, ulikuwa na maana moja tu: subirini. Barabara ya kutoka Garsen kuja Lamu haikuanza kutiwa lami hadi mwishoni mwa miaka ya 2010, wakati bandari ilipokuwa ikijengwa na lami ikahitajika kwa mizigo ya wengine. Pwani nzima haikuwa na chuo kikuu cha umma kinachojitegemea hadi mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi na kile cha ufundi cha Mombasa vilipopewa hati zao, miongo minne baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka huo huo wa 2013, iliitaja Pwani miongoni mwa maeneo yaliyotengwa kiuchumi na dola.

Hapo ndipo neno "anayestahili" linapohitaji kuchunguzwa. Chukua mwanafunzi wa Kizingitini, kwenye kisiwa cha Pate, anayesoma sekondari mjini Lamu. Safari yake ya kurudi shuleni hupangwa na bahari: mkondo wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakipwa, kwa hiyo boti husubiri maji yajae, na ikiwa kusi imechafuka pengine safari huahirishwa. Nauli ni ya mafuta ya boti, ambayo ni ghali kuliko matatu. Katika wadi ya Basuba hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani shule za vijiji vya Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya mashambulizi kutoka msituni, na watoto wakahamishwa au wakakaa nyumbani. Mwisho wa yote mtihani wa kidato cha nne ni ule ule, na alama ya C+ inayofungua mlango wa chuo kikuu ni ile ile. Anayewapima manahodha wawili kwa saa ya kutia nanga tu, bila kuuliza nani alikwenda na upepo wa nyuma na nani alipambana na pepo za omo, amepima kitu, lakini hakupima unahodha.

Kwa miaka mingi bodi iliyokuwa ikidahili wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma nchini ilipunguza kidogo alama za kuingilia kwa wasichana, na Uganda ilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5. Wapinzani walisema viwango vitashuka. Hoja hiyo hupita juu ya jambo moja la wazi: aliyeingia kwa pointi moja chini hufanya mitihani ile ile ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na asipofaulu hapewi shahada. Kinachopanuliwa ni mlango wa kuingilia, na mlango wa kutokea haujaguswa. Mwenye wasiwasi na daktari aliyeingia kwa upendeleo anapaswa kuwa na wasiwasi na chuo kilichomfaulisha.

Siasa imetupatia ushahidi ulio karibu zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wa Lamu na Malindi wanao mikononi. Katiba iliweka katika Bunge la Taifa viti 47 vya wanawake, kimoja kwa kila kaunti, pamoja na viti 290 vya maeneo bunge na 12 vya uteuzi. Viti hivyo 47 vilidharauliwa mwanzoni, na bado hudharauliwa: wako walioviita viti vya mapambo. Sasa tazama yaliyotokea. Aisha Jumwa alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Kilifi mwaka 2013, na mwaka 2017 akagombea ubunge wa Malindi dhidi ya wanaume akashinda. Ruweida Obo alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Lamu mwaka 2017, na mwaka 2022 akauchukua ubunge wa Lamu Mashariki kwa njia hiyo hiyo. Mtu anaweza kupenda au kutopenda siasa za yeyote kati yao. Hilo ni jambo jingine. Viti walivyovitwaa vilikuwa mikononi mwa wanaume, na hakuna aliyewapunguzia kura za kuvipata. Kiti kilichotengwa kiliwapa kile ambacho mgombea wa kiume huwa nacho tayari, yaani kujulikana, mtandao wa wadi hadi wadi, na wapiga kura waliokwisha kumwona akifanya kazi. Nchi nzima, wanawake waliochaguliwa katika maeneo bunge walikuwa 16 mwaka 2013, wakawa 23 mwaka 2017 na 29 mwaka 2022. Ni polepole, bado ni mmoja kati ya kumi, lakini idadi imepanda kila uchaguzi.

Pale ambapo Bunge halikulazimika, mambo yalikwenda vingine. Kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa ilitakiwa itungiwe sheria ya utekelezaji. Mahakama ya Juu ilitoa ushauri mwaka 2012 kwamba ikamilishwe ifikapo Agosti 2015. Miswada ikaanguka mmoja baada ya mwingine, mara nyingi kwa sababu ukumbi haukuwa na wabunge wa kutosha kupiga kura, hadi Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Katika mabunge ya kaunti kanuni hiyo hutimizwa kwa kuongeza wateuliwa baada ya uchaguzi, na kasoro ya njia hiyo inajulikana: mwakilishi aliyeteuliwa hana wadi ya kumtuma, ana chama kilichoandika jina lake kwenye orodha, na mara nyingi chama ndicho anachokisikiliza.

Sasa zabuni, ambako naona hoja ya wapinzani ina uzito zaidi. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa Serikali itengwe kwa makampuni ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hebu tumchukue, kwa mfano tu, mama wa Malindi anayeshona sare za shule. Ili aingie katika fungu hilo anahitaji kampuni iliyosajiliwa, cheti cha kulipa kodi, akaunti ya benki na cheti kinachothibitisha kundi lake. Anakwenda saiba kujaziwa fomu, analipa kila hatua. Akishinda zabuni, atanunua vitambaa kwa pesa zake, atawalipa mafundi, atapeleka mzigo, kisha atakaa miezi akisubiri malipo, maana madeni ya kaunti zetu kwa wauzaji wake ni hadithi ya kila mwaka. Mwenye duka la vitambaa hamsubiri. Mara ya pili anapotafutwa na mfanyabiashara mwenye mtaji aliye tayari kulitumia jina lake kwa kamisheni kidogo, si ajabu akikubali. Kwenye makaratasi mwanamke amepewa kazi. Faida imekwenda kule kule ilikokuwa ikienda. Huwezi kumlaumu mama huyo, wala huwezi kusema wazo la kutenga zabuni ni bovu. Kizuizi chake cha kweli kilikuwa mtaji na ucheleweshaji wa malipo, na sheria ikamwondolea kizuizi kingine. Kumlipa ndani ya siku 30 kungemfaa kuliko cheti.

Upungufu wa namna hiyo unajitokeza pia kwa watu wenye ulemavu, ambao kifungu cha 54 kinawaahidi asilimia tano ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa, hatua kwa hatua. Nafasi ya kazi katika ofisi ya Lamu haina faida kubwa kwa mtu wa kiti cha magurudumu ikiwa ngazi za gati zimelowa na zina utelezi, boti linachezacheza, na anabebwa mikononi na mabaharia kila asubuhi kama gunia.

Kisha liko swali gumu la nani hasa anafaidi ndani ya kundi lenyewe. India, ambayo imetenga nafasi za kazi na masomo kwa matabaka yaliyodharauliwa tangu ilipopata uhuru, ililikabili mapema. Mahakama yake ya Juu iliamua mwaka 1992 kwamba nafasi zilizotengwa kwa kawaida zisizidi nusu, na kwamba katika yale makundi mengine yaliyobaki nyuma, familia zilizokwisha kupanda ziondolewe kwenye hesabu. Sisi wa Pwani tunapenda kusema "Mpwani" kana kwamba ni mtu mmoja. Lakini kijana wa familia yenye hati za mashamba ya Malindi tangu siku za yule msajili wa 1908, aliyesoma Mombasa na Nairobi, na binti wa skwota wa Magarini wanaweza kuandikwa kaunti moja kwenye fomu moja ya ufadhili wa masomo. Nafasi ikimwendea yule wa kwanza, kaunti imehesabiwa na haja ya kweli haijaguswa. Nami naona ajabu kwamba tunaipigia Nairobi kelele za kutugawia sawasawa, huku kati yetu wenyewe swali hilo likionekana la utovu wa adabu.

Kuhesabu makabila kuna vurugu yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa zaidi katika kaunti. Kilifi, je, Mijikenda ni jamii moja au tisa? Ukiwahesabu pamoja, Mkauma na Mribe wanawekwa upande wa wakubwa ingawa ni wachache mno. Ukiwatenganisha, wakubwa ni Wagiriama peke yao na hesabu inabadilika. Lamu, Mbajuni wa Faza na Mswahili wa Amu mjini wahesabiwe pamoja ama kila mmoja kivyake? Kwa maoni yangu, kabila ni kipimo cha kutumia pale tu ambapo kabila lenyewe ndilo lililokuwa sababu ya kunyimwa, kama ilivyo kwa Waaweer, ambao kifungu cha 260 kinawagusa moja kwa moja kinapotaja jamii zilizodumu katika uwindaji na kukusanya matunda. Kwingineko, wadi, shule aliyosoma mtu na hali ya nyumba yao hueleza zaidi.

Wanaofuatilia habari za Marekani watasema kwamba huko jambo hili limekwisha. Ni kweli kwamba mnamo tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivikataza vyuo, Harvard kikiwemo, kuzingatia rangi ya mwombaji katika udahili. Lakini majaji wale walikuwa wakifasiri marekebisho ya Katiba yao ya mwaka 1868, ambayo yanaahidi ulinzi sawa wa sheria bila kutaja usawazishaji popote. Yetu inautaja na kuuagiza, kwa hiyo hukumu ile haiwezi kuhamishwa ikaletwa hapa kama ilivyo. Linalofaa kujifunza kwao ni jingine. California ilipopiga marufuku upendeleo wa aina hiyo mwaka 1996, idadi ya wanafunzi weusi na wa asili ya Kilatino ilishuka katika vyuo vyake vinavyogombaniwa zaidi. Texas, kwa upande wake, ilipitisha sheria mwaka 1997 ya kuwapokea wanafunzi walio katika asilimia kumi ya juu ya kila shule ya sekondari, bila kuuliza rangi. Utaratibu wa namna hiyo ungemfaa mtoto wa Faza na wa Ganze bila kumtaka yeyote athibitishe kabila, kwa kuwa unampima na wenzake waliovuka maji yale yale.

Kuna hatua moja yenye tarehe ya mwisho. Kifungu cha 204 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji, inayopata nusu asilimia ya mapato ya taifa ili kupeleka maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Kaunti 14 zilitajwa mwanzoni, zikiwemo Lamu, Kilifi, Tana River, Kwale na Taita Taveta. Fedha zilitoka kwa kusuasua, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaibatilisha miongozo ya kwanza ya kuisimamia hazina hiyo. Muda wake ni miaka 20 tangu Katiba ianze kufanya kazi, yaani hadi Agosti 2030, isipokuwa Bunge liuongeze. Kuuongeza kunahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa, ambako Lamu ina sauti tatu, ukijumlisha wabunge wake wawili na mwakilishi wa wanawake, na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti, ambako kura ya Lamu ni moja na kura ya Nairobi ni moja. Atakayesimama huko kuomba muda zaidi ataulizwa visima vingapi vilichimbwa na vingapi vinatoa maji, na heri majibu yaanze kukusanywa sasa, wadi kwa wadi.